Usilifute joka lako: Rasengan, Chidori na tabia ya anayepiga

"Mwalimu shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 19, nachora komiki yangu mwenyewe kwenye daftari, nimeshafika ukurasa wa 60 na kitu. Muhusika wangu mkuu anaitwa Tano, pigo lake ni joka la moto linatoka mkononi kwa sababu ana hasira, kaka yake aliuawa. Rafiki yangu kasoma yote alafu akaniambia pigo lako halisemi kitu, angalia Rasengan inavyomwelezea Naruto, yule kijana ninja wa katuni ya Kijapani (anime) yenye jina lake. Mi nikamjibu Rasengan ni mpira wa bluu tu, tena sio hata ya Naruto, kairithi kwa watu, na anaitumia kila pambano mpaka inachosha. Naruto nimeiangalia yote mara mbili, hicho anachosema sijakiona. Je ni kweli pigo la muhusika linaonyesha tabia yake au mashabiki wanaongeza chumvi? Na kama ni kweli, nilifute joka langu? Nachora sana usiku mpaka vidole vya kulia vinakufa ganzi ila siwezi kuacha, nataka nimalize."

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara kadhaa na naona kinachokuuma sio Rasengan, kinachokuuma ni zile kurasa 60. Mtu umekaa usiku na usiku unachora, alafu rafiki anakuja na sentensi moja inakufanya utake kuchana daftari. Usichane kwanza. Rafiki yako ana pointi ila hajakuelezea vizuri, na wewe una pointi pia, tena kubwa kuliko unavyodhani.

Nianze na pale ulipo sahihi. Ndio, mashabiki wanaongeza chumvi. Kuna mapigo mengi sana kwenye anime ambayo hayasemi chochote, yamewekwa kwa sababu yanapendeza kwenye skrini na yanauza wanasesere, na mtu akikaa kukuelezea falsafa ya kila mwanga wa rangi unaotoka mkononi mwa mtu msikilize kwa heshima alafu endelea na kazi zako. Hata kwenye Naruto yenyewe, ile vita kuu ya nne ina Rasengan za kila saizi na kila idadi, kubwa, ndogo, nyingi kwa mpigo, na nyingine mi naona hazikuwa na kazi yoyote zaidi ya kujaza ukurasa. Kwa hiyo ukisema inachosha kuna sehemu nakuunga mkono.

Ila umekosea mahali pamoja, na ndo kosa hilo hilo lililokuletea shida na joka. Unasoma pigo kwa sura yake. Rasengan unaona mpira wa bluu, joka lako umelifanya moto kwa sababu Tano ana hasira, yani moto ni hasira, barafu ni ukatili, giza ni ubaya. Hiyo ni lebo tu. Angalia ukoo wa Uchiha, ukoo wa Sasuke, mpinzani wa Naruto, wote wanatema moto, kaka yake Itachi anatema moto na ni mtu mtulivu mpaka anaogopesha, Sasuke anatema moto, baba yao anatema moto. Ingekuwa moto ni hasira ukoo mzima ungekuwa na tabia moja. Sasa kumbuka Sasuke alivyojifunza ule mpira mkubwa wa moto akiwa mtoto. Baba yake anamuonyesha pale kwenye maji, Sasuke anajaribu mara ya kwanza kinatoka kitu kidogo cha aibu, baba anageuka anaondoka, mtoto anabaki anafanya mazoezi peke yake mpaka mdomo unaungua, alafu anarudi kumuonyesha na kwa mara ya kwanza baba anamwambia kweli wewe ni mwanangu. Hapo ndo moto umesema kitu. Umesema huyu mtoto alikuwa anatafuta jicho la baba yake, na baadae kwa usiku mmoja tu ukoo wote ukauawa. Rangi ya moto haikuhusika kabisa.

Kwa hiyo mi nakupa kipimo changu, ninachowapa wote niliowahi kuwafundisha kuandika hadithi za picha. Pigo linamsema mtu kwa kile linachomdai. Linamdai nini ili alijue, linamdai nini ili lifanye kazi pale anapobanwa, na linamtoza nini baada ya hapo. Ukiwa na majibu ya hayo, hata likiwa jiwe tu la kurusha litamsema.

Sasa turudi kwenye mpira wako wa bluu. Jiraiya, mwalimu wake, alimfundisha Naruto Rasengan kwa hatua tatu wakiwa njiani kumtafuta Tsunade, yule ninja mganga, na naomba uende ukaziangalie tena taratibu bila kuruka. Ya kwanza ni puto lenye maji, alipasue kwa kuzungusha chakra, yani nguvu ya ndani ya mwili wake, ndani ya puto. Anashindwa siku nzima, alafu anamwona paka anachezea puto kwa makucha, huku na huku, maji yanatikisika kila upande, ndo anashtuka kwamba maji hayapasuki kwa sababu yeye anazungusha upande mmoja tu. Akaenda kulishika puto kwa mkono mmoja na mwingine akawa anapiga piga kama yule paka. Ya pili ni mpira mgumu, hapo inatakiwa nguvu. Ya tatu ndo ngumu kuliko zote ingawa inaonekana rahisi, puto la kawaida lenye hewa, azungushe kwa nguvu zote ndani yake na lisipasuke. Yani kuwa na pawa ilikuwa kazi ya juzi, leo kazi ni kuizuia.

Huyu ni mtoto ambaye tangu sura ya kwanza ana nguvu nyingi kupita kiasi na hana namna ya kuzishika, anapiga kelele, anachafua sanamu za Mahokage, wale viongozi wakuu wa kijiji, tumboni kafungiwa mbweha mwenye mikia tisa. Na pigo lake linamtaka afanye kitu kimoja ambacho maisha yake yote ameshindwa, kushika kimbunga kiganjani bila kukiachia. Ukiona hivo mpira wa bluu hauwezi kuwa mpira wa bluu tena.

Na bado sijafika penyewe. Alishindwa hatua ya tatu. Mkono mmoja haukutosha, Jiraiya anafanya kwa mkono mmoja, Yondaime, yani Hokage wa nne, alifanya kwa mkono mmoja, Naruto hawezi. Alichofanya ni kuita nakala yake, ile Kage Bunshin, yeye ananyoosha kiganja na nakala inazungusha. Pambano na Kabuto ndo linaonyesha vizuri kuliko lote. Kabuto, adui yake, anakuja na kunai, kisu cha kininja, Naruto anakiacha kipite kwenye kiganja chake na kumkamata mkono Kabuto hapo hapo asikwepe, huku upande wa pili nakala inamtengenezea Rasengan. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, wazee walishasema. Mtoto aliyekua bila mama bila baba, watu wanamkwepa mtaani, anakula peke yake, pigo lake kubwa haliwezekani bila mtu kusimama pembeni yake. Na kwa kuwa hana mtu, akajigawa akawa mtu wa pili mwenyewe. Mi kila nikiifikiria hiyo nanyamaza kidogo.

Unasema sio yake, karithi. Kweli aliyeitengeneza ni Minato, Hokage wa nne, ilimchukua miaka 3, na hakuimaliza, alitaka kuiongezea asili ya chakra yake akafa kabla. Ila wewe unaona kurithi ni udhaifu wa hadithi na mi naona ndo moyo wake. Fuatilia mkono kwa mkono. Jiraiya alimfundisha Minato, Minato akaivumbua, Jiraiya akajifunza kwa mwanafunzi wake mwenyewe, akampa Naruto, na Naruto wakati huo hata hajui kwamba Minato ni baba yake. Yatima anakabidhiwa urithi wa baba bila kuambiwa ni urithi. Alafu anakuja kuimalizia, na walimu wake Yamato na Kakashi wakimsimamia anaiongezea upepo inakuwa Rasenshuriken, kazi ambayo baba aliiacha njiani na Kakashi naye alijaribu ikamshinda. Na haiishii hapo. Naruto akampa Konohamaru, mtoto wa kijijini aliyekuwa anamfuata kama mdogo wake, na Konohamaru akaja kumfundisha Boruto mtoto wa Naruto. Yani mara mbili kwenye ukoo ule Rasengan imetoka kwa baba kwenda kwa mtoto na mara zote mbili baba hakuwepo, mtu mwingine ndo kaibeba. Mara ya kwanza kwa sababu baba kafa, mara ya pili kwa sababu baba yuko ofisini. Mpira tu wa bluu, umeona?

Hata jina lenyewe. Rasen kwa Kijapani ni ule msokoto kama wa konokono, na gan ni kitu cha mviringo. Uzumaki ni maji yanayozunguka kwa kasi baharini, na mahali panapoitwa Naruto pako kweli Japani, kwenye mlango wa bahari kati ya Shikoku na kisiwa cha Awaji, maji yake yanafanya hivo hivo yanajizungusha na watu wanapanda boti kwenda kuangalia. Kishimoto, mwandishi wa Naruto, alivyoanza kuchapisha hii hadithi mwaka 1999 msomaji wa Kijapani alikuwa analisikia hilo bila kuambiwa, sisi huku ndo tunahitaji kuelezwa. Msokoto uko kwenye jina, uko mgongoni kwenye nguo zake, uko tumboni kwenye muhuri wa yule mbweha, na mwisho ukatokea mkononi.

Sasa weka pembeni yake Chidori ndo utaelewa rafiki yako alitaka kusema nini. Hiyo aliivumbua Kakashi, umeme mkononi unalia kama ndege elfu, na ndo maana ya jina. Inadai nini? Inadai ukimbie moja kwa moja kwa kasi kubwa kuelekea kwa adui, na kasi yenyewe inakuzibia macho, unaona kile cha mbele tu, pembeni huoni kitu. Ndo maana bila Sharingan, yale macho ya Uchiha yanayoona kila mwendo, ni pigo la kujiua, adui akirudisha hata pigo dogo hulioni linakuja. Sasuke, mtoto anayeishi kwa ajili ya kitu kimoja tu, kumuua kaka yake, akapewa pigo la kukimbia mstari mmoja huku pembeni kukiwa giza. Na Kakashi alimpa kwa sababu alijiona mwenyewe ndani yake. Baadae anamfunga kwenye mti kumwambia aache kisasi, ila silaha ameshampa. Na tunakuja kujua mbele sana kwamba Rin, mwenzake wa timu, alikufa kwenye Chidori ya Kakashi huyo huyo, aliingia katikati na mkono ulikuwa umeshaondoka. Pigo la mstari ulionyooka ndo hivo, ukishalianzisha halina kona.

Unakumbuka juu ya paa la hospitali? Naruto na Sasuke wanarukiana, Kakashi anaingia kati anawarusha kwenye matangi ya maji. Tangi la Sasuke linatoboka maji yanabubujika, la Naruto linatoa mchirizi mwembamba tu, Sasuke anacheka kimoyomoyo kwamba kashinda. Alafu anazunguka nyuma ya lile tangi la Naruto anakuta ubavu wote wa nyuma umefumuka. Chidori inatoboa unapoona. Rasengan inaingia kimya na kazi inafanyika ndani, madhara yanatokea upande ambao hukutazama. Wahusika wote wawili wameshaelezewa hapo kwa matangi mawili na hakuna aliyefungua mdomo. Kila mwanafunzi wangu huwa namwambia aichore upya ile kurasa kwa mkono wake.

Na ukitaka kujua gharama, nenda sura ya 698, pambano lao la mwisho. Pigo kwa pigo, na mmoja anaamka hana mkono wa kulia, mwingine hana wa kushoto, wamelala damu imeungana chini. Mikono ile ile waliyotumia kupigana tangu watoto. Baadae Tsunade anatengeneza mikono ya bandia kwa seli za Hashirama, Hokage wa kwanza, Naruto anaupokea na Sasuke anaondoka bila.

Usidhani lazima iwe ya mateso na mafunzo marefu. Goku wa Dragon Ball aliliona pigo la Kamehameha mara moja tu, mzee Roshi kachukua miaka 50 kuikamilisha, mtoto anasema ngoja nijaribu, ikatoka akabomoa gari. Hiyo nayo inamsema kabisa, huyu hana kinyongo wala kiburi cha kumzuia kujifunza, anaona kitu kizuri anakipokea. Kujifunza haraka pia ni tabia. Na Gaara, ninja mwingine wa Naruto, mchanga unamkinga wenyewe hata asipotaka, kwa hiyo ngumi ya adui haimfikii, na watoto wenzake wanamkimbia. Anakuja kukutana na Rock Lee ambaye hana kitu chochote zaidi ya mwili wake, anafungua milango mitano ya nguvu iliyofungwa mwilini mwake mpaka misuli inachanika ili tu amfikie. Pambano lile linauma kwa sababu mapigo yao yanaulizana swali moja, kumgusa mtu kunagharimu kiasi gani.

Haya, joka lako. Kwanza fanya jaribio dogo ambalo halikugharimu hata karatasi. Chukua joka mpe adui wa Tano. Kuna kitu kimebadilika? Kama hamna, basi bado halijawa la Tano, liko tu kama fulana, mtu yeyote anavaa. Ukimpa Sasuke Rasengan inakataa, maana Sasuke hawezi kuvumilia kusimama akamsubiri mwenzake azungushe.

Una njia kama tatu na zote zina bei. Unaweza kulifuta ukaanza upya, mi sikushauri, kurasa 60 ni nyingi na tatizo sio joka, ukichora simba kesho litakuja hilo hilo. Unaweza kuliacha kama lilivyo ukasonga mbele, na hiyo sio dhambi, komiki ya kwanza kuimaliza ina faida yake na wengi niliowaona wanarekebisha ukurasa wa kwanza miaka mitatu hawajafika wa kumi. Au unaweza kuacha mchoro wa joka vile vile ukaongeza kurasa chache zinazoonyesha linamdai nini. Mi ningechukua hii. Umeniambia kaka yake aliuawa. Joka lilikuwa la nani kabla? Kama ni la kaka, kaka alilifikisha wapi, kitu gani hakukimalizia? Kama Tano kajitengenezea, siku ya kwanza alishindwaje, maana hujaniambia kushindwa kwake hata kidogo na ndo ningetamani kukuona umekuchora. Hasira ni kitu gani anachofanya nacho, anaiachia au anaibana? Labda joka linakuja tu akiwa ametulia, na yeye kutulia hawezi kwa sababu akitulia anamkumbuka kaka. Hilo ni la kwangu usilichukue, tafuta la kwako, nimelisema tu uone jinsi swali linavyoanza kuzaa.

Usimpe pia kila kitu mwanzoni. Naruto alikuwa na ushindani wa wiki moja na Tsunade, asipoweza anapoteza pesa, akiweza anapata mkufu, na sisi tukawa tunahesabu siku naye. Msomaji akishiriki kujifunza, pigo likija kutoka linakuwa lake pia.

Kuna kitu mi siwezi kukusaidia kwa maandishi. Mtafute mtu ambaye hajawahi kuona hilo daftari, mdogo wako, jirani, yeyote, mkabidhi asome mbele yako na wewe ukae kimya kabisa usielezee. Angalia anapofunua haraka na anapoganda. Akiganda kwenye joka kwa sekunde mbili tu kwa sababu limechorwa vizuri alafu akafunua, ujue limependwa kama picha. Akirudi nyuma kurasa mbili kuangalia kitu, hapo umempata. Na kama mjini kwenu kuna mchoraji anayefanya hii kazi kwa kula, hata wa mabango, nenda na daftari mkononi, usimtumie picha za simu, mtu akishika karatasi anakuambia vitu ambavyo kwenye skrini havioni.

La mwisho ni vidole. Umeliandika mwishoni kama kitu kidogo na mi ndo nimeliona kubwa kuliko joka. Ganzi inayokuja ukichora muda mrefu mara nyingi ni mshipa wa fahamu unabanwa, aidha pale kwenye kifundo cha mkono au kwenye kiwiko, na ukiendelea kuulazimisha unaweza kuanza kupoteza nguvu ya kushika. Sio jambo la kusubiri umalize. Nenda hospitali wiki hii, mwambie daktari vidole gani hasa, unaanza saa ngapi, na kama inakuamsha usiku, maana majibu hayo ndo yanamwonyesha mshipa upi, na anaweza kukupeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mpaka uende, chora kwa vipande, nusu saa alafu unainuka unanyoosha mkono, na penseli usiikabe kama unamkaba mtu. Rasenshuriken ilivyokuwa inachana seli za mkono wa Naruto mwenyewe Tsunade alimpiga marufuku kuitumia, na hakurudi kuitumia mpaka alipopata njia ya kuirusha ikiwa mbali na mkono. Wewe bado huna hiyo njia. Ukishamuona daktari niandikie, na uniambie Tano alishindwaje siku ya kwanza.